Rodi Isiyokuja na Kabureta

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa 2012; siku zile ukitaja Katavi, watu walijua unazungumzia hifadhi na viboko wake. Vipuri vya magari vilitufikia kwa treni, kupitia Tabora na Kaliua, kwa tawi la reli ambalo wakoloni walilijenga wakifuata madini ya risasi. Mgodi ulishafungwa zamani, reli ikabaki na mahindi, tumbaku na abiria wenye subira. Ni kwa njia hiyo ilifika kabureta ya Weber ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa na Land Rover Series III ya petroli, ile ndefu, injini ya cc 2,286. Kabureta yake ya asili, Zenith, ilikuwa na ugonjwa ambao wenye Series wengi wanaujua: mfuniko ukikazwa na kupigwa joto miaka mingi hupinda, petroli inapenya isikotakiwa, moshi mweusi unatoka, na gari halikai sailensa. Katika mji ambao petroli yenyewe ilikuwa ya kutafutwa, ugonjwa huo ulikuwa hasara ya kila siku. Weber 34 ICH aliyoiagiza badala yake ni ndogo zaidi, inakupunguzia nguvu kidogo mlimani, lakini haina makuu.

Ndani ya boksi mlikuwa na kabureta, pleti ya kuikalisha juu ya manifoldi, na gasketi. Kuifunga haikuwa kazi. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imekaa mahali pake chini ya mwembe wa gereji. Shida ilianza pale mzee fundi aliposhika rodi ya mafuta na kuikuta inaning'inia hewani.

Series haitumii waya wa mafuta. Pedeli inazungusha shafti kwenye ule ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva, shafti inasogeza rodi, rodi inageuza kiwiko, kiwiko kinasogeza rodi nyingine, na hiyo ndiyo inayoushika mkono wa kabureta. Kila kiungo kina kibojointi chake. Mkono wa Weber yetu ulikuwa mfupi kuliko ule wa Zenith, tena umekaa mahali pengine. Waliotengeneza boksi lile hawakufikiria habari hiyo, au waliifikiria wakamwachia fundi wa Mpanda.

Vijana wa gereji walitaka kufunga waya wa breki wa baiskeli. Mzee akakataa: vumbi la huku likiingia kwenye ganda la waya, waya unakwama, nao ukikwama mafuta yakiwa wazi ni msiba. Mwingine akaleta spoki.

"Spoki inavuta, mwanangu, haisukumi," mzee akamwambia. "Ukiisukuma inapinda."

Akachagua chuma cha milimita 6. Aliyekichomelea alikuwa kijana wa Katumba, kwenye makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, mtu mwenye mkono mtulivu kuliko mafundi wote niliowaona mjini. Vibojointi vilitoka kwenye Land Rover nyingine iliyokufa.

Lakini urefu wa rodi haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa mkono. Mkono ukiwa mfupi, pedeli ikisogea kidogo tu kipepeo cha kabureta kinafunguka sana, na gari linaruka. Ukiurefusha kupita kiasi, unakanyaga hadi sakafuni na kipepeo hakijafunguka chote. Mzee alikata kipande cha bati nene, akakitoboa matundu kwa kufuatana, akakifunga kwenye mkono. Mimi nikawekwa kwenye pedeli.

"Kanyaga mpaka chini."

"Tayari, mzee."

Yeye aliinama na tochi, akitazama kooni mwa kabureta kama kipepeo kimesimama wima. Akihamisha rodi tundu moja, tunarudia. Hakuandika hesabu yoyote, ila alichokuwa akikitafuta ni uwiano wa nyenzo ule ule nilioukuta baadaye kwenye kitabu cha fizikia, na mwalimu wangu hakuufundisha vizuri kama yeye.

Jambo la mwisho alilolikazania lilikuwa kwamba mkono na rodi visije vikanyooka kwenye mstari mmoja mafuta yakiwa wazi. Vikinyooka hivyo na kupita kidogo, vinajifunga, na springi haiwezi kuvirudisha. Akaweka springi mbili, moja ikikatika nyingine ifunge. Mjomba alilalamika kuwa pedeli imekuwa nzito. Mzee akamwambia akishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa ataipenda.

Tuliijaribu kwenye barabara ya Sitalike, mpaka ndani ya Hifadhi ya Katavi. Ilichukua mafuta polepole, bila kushtuka, na ukiachia mguu ilirudi sailensa palepale. Hifadhini hakuna aliyetaka kusimama kukagua kazi, maana mbung'o wa Katavi hufuata gari linalotembea na kuuma kupitia shati.

Kwa hiyo wewe mwenye Series unayetaka kufunga Weber: kabla ya kulipia boksi, fungua boneti upime rodi, mkono na viungo vyake. Na springi weka mbili, hata ukiambiwa moja inatosha.