Nani Afunue Jalada?

Jalada ni chombo kinyonge. Halina miguu ya kuukimbia mkono usiostahili, wala halina kinywa cha kumwita mwenye haki ya kulisoma. Usalama wake wote u katika adili ya mlinzi wake. Kwa hiyo swali la nani afunue jalada lipi ni kuukuu, nalo halikufa ilipokuja kompyuta.

Usukumani, ambako Simiyu ni upande wa mashariki, swali hili lilijibiwa kwa vyama kabla ya kujengwa ofisi. Bayeye, wenye elimu ya nyoka, walikuwa na dawa zao. Banunguli, wawindaji wa nungunungu, walikuwa na zao. Bagika na Bagalu, washindani wa ngoma, kila upande ulizificha dawa zake za ushindi. Mtu hakupewa siri kwa ajili ya jina lake, bali kwa kuwa amekwisha kuingizwa chamani. Aliyeingizwa hakuomba ruhusa kwa kila mzizi. Aliyekuwa nje alitazama ngoma, au alitibiwa sumu ya nyoka, walakini mzizi hakuujua. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Masjala ya serikali inafuata kanuni iyo hiyo katika vazi jingine. Iko masjala ya wazi, na iko masjala ya siri. Na karani humtazama mwombaji usoni kabla ya kunyosha mkono rafuni. Siku hizi majalada mengi ya ofisi za Tanzania yamo katika mfumo wa ofisi mtandao. Programu ya kutafutia nyaraka huzisoma zote, hufanya faharasa ya maneno yake, na humjibu mtafutaji kwa kufumba na kufumbua. Uwezo huo ni neema, lakini programu haina macho ya karani. Sharti iambiwe mambo matatu: nani anauliza, yumo katika makundi gani, na kila waraka umefunguliwa kwa makundi yapi. Kisha ilinganishe kabla ya kujibu, si baada ya kujibu. Maana kichwa cha habari peke yake chaweza kuaibisha. Mtu akiona maneno "shauri la nidhamu" kando ya jina la jirani yake, hana haja ya kufungua ukurasa wa pili.

Kwa nini makundi, si watu mmoja mmoja? Na ichukuliwe ofisi ya watumishi 400 na nyaraka 50,000. Kuandika ruhusa ya kila mtu kwa kila waraka ni kuamua mara 20,000,000. Hapana karani wa kuimaliza kazi hiyo. Kundi huipunguza: afisa kilimo wa Meatu huingizwa katika kundi la maafisa kilimo wa wilaya, na kundi hilo huingizwa katika kundi la mkoa. Lakini wepesi huu una maradhi yake. Mtu mmoja aweza kuandikwa kwa jina moja katika barua na kwa jina jingine katika ghala la nyaraka, programu ikamdhania kuwa watu wawili. Tena, orodha ya makundi iliyonakiliwa jana huenda leo ni ya uongo.

Historia ya Simiyu yaonyesha jinsi orodha inavyochakaa. Mkoa huu ulianzishwa rasmi Machi 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa chini ya Shinyanga. Busega ilimegwa katika Magu ya mkoa wa Mwanza, na Itilima ilimegwa katika Bariadi. Mtumishi wa Maswa alikuwa wa Shinyanga, akawa wa Simiyu bila kuhamisha kitanda chake. Mahali kama hapo, orodha isiyosahihishwa hufanya dhuluma mbili kwa pamoja: humwachia mlango aliyeondoka, na humfungia aliyefika.

Sheria nazo zinavuta pande mbili. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 yafungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yalinda. Mkulima wa Itilima anayetafuta uamuzi juu ya shamba lake anadai mlango ufunguliwe. Mwalimu wa Bariadi aliyeeleza ugonjwa wake katika barua ya kuomba likizo anadai mlango ufungwe. Wote wawili wana haki, na wote wawili hulindwa au hudhulumiwa na orodha moja.

Penye shaka, heri kufunga. Kosa la kuficha laweza kutengenezwa kesho; kosa la kufichua halirudi, kwa kuwa aliyekwisha kusoma hawezi kuamriwa asijue. Walakini aliyefungiwa aambiwe amwendee nani, asije akazungushwa mpaka akakata tamaa. Na kila mtumishi anapohamishwa, jina lake litolewe katika kundi la zamani siku ile ile anapokabidhi funguo za ofisi. Kazi hii ni ndogo na haina sifa. Lakini heshima ya mwalimu yule, na shamba la mkulima yule, vimewekwa mikononi mwa mtu anayeifanya.