Je, Yule Mtoto Aliulizwa?



Mwaka huu vikundi vyenu vinatafakari juu ya sadaka na utumishi, nami nimeombwa niwaandikie machache. Ningeweza kuwaletea fundisho lililopangwa vizuri, kwa maana ndiyo kazi niliyosomea. Lakini nimeona heri niwasimulie jinsi fundisho langu mwenyewe lilivyonivunjikia mikononi, mbele ya vijana tisa, kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Kadutu.

Mnakumbuka mwezi wa Machi 2020. Tarehe 18 Rais wa Jamhuri alitangaza kwamba shule zitafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na makanisa vilevile, na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa. Tulidhani ni mambo ya majuma machache. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho walirudi mwezi wa Agosti. Wengine wote walikaa nyumbani hadi tarehe 12 Oktoba. Redio ilirusha masomo, ni kweli, lakini redio haimsahihishii mtoto daftari lake, na si kila nyumba ilikuwa na fedha za betri. Sisi walimu tulioishi kwa prime ya wazazi tulibaki mikono mitupu. Nina ujuzi mmoja tu maishani, ule niliofundishwa katika shule ya ualimu: kusimama mbele ya ubao. Kwa hiyo wazazi wa shirika letu waliponiomba niwasomeshe watoto wao asubuhi tatu kwa juma, nilikubali kabla hawajamaliza kusema.

Walikuwa tisa, wa miaka 13 hadi 18, wavulana watano na wasichana wanne. Tulianza na hesabu, kisha Kifaransa, na mwishoni saa moja ya dini, kwa kuwa sita kati yao walikuwa wakijiandaa kupokea Kipaimara. Malipo yangu yalikuwa kikombe cha maharagwe kutoka kwa huyu, na kutoka kwa yule salamu.

Juu ya sadaka nilikuwa na fundisho nililokuwa nimelitoa kwa zaidi ya miaka 20 bila kubadili hata koma. Nilianza na Abrahamu akipanda mlima pamoja na Isaka. Nikafuatisha yule mjane wa hekaluni na sarafu zake mbili. Halafu nikamalizia na yaya wangu. Baba yetu alifariki mwaka 1983. Mimi nilikuwa na miaka 12, yeye 16, naye alikuwa katika mwaka wa tatu wa sekondari. Aliacha shule, akaanza kubeba mizigo. Mnawajua hao akina mama wanaopanda kutoka bandarini hadi sokoni, wameinama hadi uso unaelekea ardhi, kamba kipajini, gunia mgongoni. Kwa miaka saba mgongo wake ulilipa minervali yangu, hadi siku nilipopata diploma ya Serikali. Kila nilipofika hapo katika fundisho, watu walinyamaza, na mara nyingi mama mmoja alijifuta machozi. Nakiri kwamba nilikuwa nikiupenda ukimya ule.

Asubuhi moja ya Juni tulisoma sura ya sita ya Injili ya Yohane. Wainjili wote wanne wanasimulia habari ya mikate iliyolisha maelfu, lakini Yohane peke yake anasema kwamba mikate ilikuwa ya mtoto fulani, tena mikate ya shayiri, yaani chakula cha maskini. Nilikuwa nikieleza kwa ari kubwa jinsi mtoto yule alivyotoa yote aliyokuwa nayo. Msichana mmoja wa miaka 15, ambaye kwa kawaida hakusema neno, akainua mkono.

«Papa Katekista, imeandikwa wapi kwamba alitoa?»

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, polepole, kidole chini ya mstari. Andrea anasema kwamba yupo hapa mtoto mwenye mikate mitano na samaki wawili. Kisha watu wanaketishwa, na Yezu anaitwaa mikate. Kati ya Andrea na Yezu, mtoto hasemi kitu wala hakuna anayesema naye.

«Je, aliulizwa?» akasema.

Vijana wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Ninyi mnaoishi kwenye milima yetu mtaelewa upesi nikiwaeleza jinsi alivyokuwa akifika darasani. Alifika nyuma ya wenzake, sketi imelowa hadi magotini, kwa sababu kabla ya saa mbili alikuwa ameteremka mara tatu kuteka maji. Kaka yake alifika mapema, viatu vikavu, daftari kwapani. Nyumbani kwao ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwamba shule zikifunguliwa minervali itatosha kwa mmoja, na mmoja huyo anajulikana. Mama yake alikuwa amemweleza kwa upole kwamba hiyo ndiyo sadaka Mungu anayomwomba.

«Kwetu sadaka ni mimi,» akasema. Halafu akauliza jambo ambalo halikuwa limenipitia akilini kwa miaka yote ile: «Na yaya wako, aliulizwa?»

Nilimjibu kama wanavyojibu watu wenye vyeti, yaani kwa maneno mengi. Nilitaja utii, nilitaja Nazareti, nilitaja Bikira Maria. Alinisikiliza kwa heshima, akaandika tarehe katika daftari lake, wala hakuandika kitu chini yake. Niliwaruhusu waende kabla ya saa.

Siku ya tatu nilikwenda Panzi kwa yaya. Nilimkuta uani akimenya mihogo. Tulizungumza kwanza juu ya mvua, juu ya bei ya unga, juu ya mjukuu wake mwenye kikohozi, ambacho wakati ule kilitia watu hofu. Mwishoni nikasema:

«Yaya, ule mwaka baba alipofariki, kuna mtu aliyekuuliza kama unataka kuacha shule?»

Aliendelea kumenya.

«Aniulize nani? Mama alisema, ‹Kesho wewe hutakwenda.› Nikaelewa. Nilikuwa na daftari jipya la jiografia. Ulilichukua wewe, ukaandika nyuma yake.»

Sikulikumbuka daftari hilo.

«Basi hukutoa sadaka,» nikasema.

«Mdogo wangu, mwaka wa kwanza nilikuchukia. Nilipanda na gunia nikiwaza: hatua hii ni ukurasa wake, hatua hii ni ukurasa wangu. Mwaka wa tatu hivi, sijui, uliugua malaria wakati wa mitihani, na nikaona naogopa usije ukashindwa. Nikajiuliza, mbona naogopa? Tangu hapo nilibeba kwa sababu nilitaka. Gunia halikuwa jepesi zaidi, usidanganyike.» Akatupa mhogo katika beseni. «Nasikia huko parokiani unawaambia watoto wa watu kwamba nilitoa. Waambie nilinyang’anywa, kisha nikatoa kilichobaki.»

Vijana, nimesoma vitabu kadhaa juu ya sadaka, vingine kwa shida, katika Kifaransa cha wanateolojia. Sijakutana na sentensi iliyonifundisha kuliko hiyo.

Siku iliyofuata nilianza kwa kumwomba msamaha yule msichana mbele ya wenzake. Haikuwa rahisi, katika umri wangu na katika desturi zetu mwalimu haombi msamaha mbele ya darasa. Kisha niliandika ubaoni maneno matatu: kutoa, kutolewa, kujitoa. Angalieni jinsi lugha yetu ilivyo na akili. Kitenzi ni kimoja. Ongeza viungo vichache mwishoni, na mtu anakuwa kitu kilichotolewa na wengine. Ongeza herufi mbili katikati, na anakuwa mwenye kutenda na mwenye kutolewa kwa pamoja. Tukafungua sura ya kumi ya Yohane, mahali ambapo Yezu anasisitiza kwamba uhai wake hauchukuliwi na mtu yeyote, bali anautoa kwa hiari yake. Hata msalabani, ambako kwa macho alinyang’anywa kila kitu, alijitoa. Tukafungua pia sura ya saba ya Marko, anapowakemea wale waliotumia jina la sadaka ya Mungu ili wakwepe kuwatunza wazazi wao. Maana yake ni kwamba tangu zamani neno takatifu liliweza kutumiwa kama pazia, na Bwana alilijua pazia hilo.

Kijana mmoja akapinga, na alipinga vizuri. Alisema: «Kama kila mtu atangoja kuulizwa, nani atateka maji?» Nilifurahi, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Kuna utumishi ambao haungoji hiari ya mtu. Maji lazima yafike nyumbani. Badala ya kujibu niligeuza somo kuwa hesabu. Kila mmoja ahesabu bidoni za lita 20 alizobeba mwenyewe siku iliyopita. Wasichana wanne walikuwa na bidoni 17. Wavulana watano walikuwa na 3, na mbili kati ya hizo ni za kijana asiye na dada. Kumi na saba mara ishirini ni kilo 340. Gawa kwa nne, kila msichana kilo 85 kwa siku. Tulipofika kwenye jibu hakuna aliyecheka. Niliwauliza wavulana: kati yenu ni nani aliyekwisha kujitoa, na ni nani aliyekula mikate ya mwingine?

Ndipo nikawasimulia habari ya Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, na ambaye Julai 2007, akiwa na miaka 26, aliuawa kwa sababu alikataa fedha za kupitisha chakula kilichooza. Wakati ule alikuwa bado hajatangazwa Mwenyeheri. Hilo lilifanyika Roma tarehe 15 Juni 2025, na wengi wenu mlifuatilia. Nilimchagua kwa kuwa aliulizwa. Waliotaka kumhonga walimwuliza, na angeweza kusema ndiyo. Vilevile Mwenyeheri Anuarite, mwalimu kama mimi, usiku ule wa Isiro mwaka 1964: alisema hapana kwa mdomo wake mwenyewe. Watu hawa hawakuwa kondoo wasiojua wanakopelekwa.

Msidhani kwamba baada ya siku hiyo kila kitu kilinyooka. Wavulana watatu walianza kuteremka bombani, wawili hawakuanza. Baba mmoja alikuja kwangu jioni, akakataa kuketi, akaniuliza tangu lini Kanisa linawafundisha watoto wa kiume kazi za wasichana. Nilimwambia kwamba Yezu aliosha miguu ya watu kumi na wawili, na hiyo pia haikuwa kazi ya mwalimu. Alisema tusichanganye mambo. Hadi leo ananisalimu kwa mbali.

Kwa wazazi wa yule msichana nilikwenda mara mbili. Sikwenda kuwahukumu, nilijua vema ni nani aliyesoma kwa kumnyima dada yake daftari. Niliwasimulia hilo, na mama alinisikiliza akiangalia mikono yake. Shirika lilitoa nusu ya minervali ya muhula wa kwanza. Nusu ya pili ilipatikana kwa namna ambayo sikuipendekeza: kaka yake alikwenda kubeba mchanga kwenye ujenzi kwa majuma matano. Nilimwuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha. Alisema aliulizwa na dada yake, akakataa, halafu usiku alibadili wazo. Muhula wa pili ulikuwa shida nyingine, na mwaka uliofuata msichana alikosa miezi miwili. Alimaliza akiwa amechelewa.

Jambo la mwisho ni la yaya. Nilipowaletea vijana neno lake, walitaka kumtembelea, na wakaniambia wapo tayari kumfundisha kusoma Masomo ya Misa ili asome siku moja katika shirika. Lilikuwa wazo langu, nawaambia ukweli. Nilikwisha kuona picha hiyo kichwani. Yaya aliwashukuru, akakataa. Alisema kusoma anajua ya kutosha, alifika mwaka wa tatu, na sauti yake si ya kanisani. Alichotaka ni hesabu za daftari la AVEC, kikundi chao cha akiba, kwa sababu karani alikuwa akisoma majumlisho haraka mno. Yule kijana aliyeuliza ni nani atateka maji alikwenda Panzi kila Jumamosi kwa miezi mitatu, kwa miguu, akiwa na kipande cha chaki na kibao kilichovunjika pembe.

Mwezi wa Novemba yaya alinitumia mtu aniite. Nilidhani ni ugonjwa. Nilimkuta na daftari la kikundi magotini, kidole chini ya mstari, kama yule msichana na Yohane sita. Alikuwa amegundua upungufu wa franka 4,000 katika ukurasa wa Septemba, na alitaka nikae pale nihakikishe kabla hajafungua mdomo mbele ya wenzake. Nilihesabu mara mbili. Ilikuwa 4,500, yeye ndiye aliyenionyesha nilipokosea.