Baridi ya Moshi inaanzia wapi?

Tangu nihamie Moshi, salamu kutoka Dar zimekuwa za aina moja. Watu hawaulizi kazi, hawaulizi afya. Wanauliza, "Vipi huko, baridi?" Wengine wanauliza huku wanacheka, maana kwa mtoto wa Temeke kwenda kuishi Kilimanjaro ni sawa na kuhamia ndani ya friji. Basi leo naomba niwajibu wote kwa pamoja.

Kwanza, Moshi mjini hakuna baridi mnayoidhania. Mji uko mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Januari na Februari jua linawaka kwelikweli, watu wanalala madirisha wazi, ila jasho halikung'ang'anii shingoni kama la Dar. Kibaridi chenyewe kinakuja Juni mpaka Agosti. Hapo mawingu yanakaa juu ya mji kutwa nzima, mlima unapotea hata siku kadhaa mfululizo, na usiku wa Julai joto linashuka mpaka nyuzi 15 hivi. Kuna wazungu wanaokatiza mitaani na kaptula katika hali hiyo. Mimi nalala na soksi.

Pili, kuhusu kazi. Nafasi hii ya mwandishi wa Kilimanjaro ilipotangazwa pale ofisini, hakuna aliyeikimbilia. Kwenye vyumba vya habari vya Dar, "kupelekwa mkoani" kunasikika kama adhabu. Dar ndiko kwenye mikutano ya hotelini, semina zenye posho, na wahariri wanaokuona kila siku wasikusahau. Wa mkoani anakumbukwa basi likipinduka.

Mimi niliomba mwenyewe. Nilikuwa nimechoka, jamani. Masaa manne kwa siku kwenye daladala, kwenda na kurudi, na katikati yake nakaa kwenye kiti cha plastiki nasubiri mgeni rasmi aje asome hotuba ambayo tayari tumepewa nakala. Nilikuwa na miaka miwili kazini tangu nimalize chuo na sikumbuki hata habari moja ambayo mtu wa mtaani kwetu aliniuliza kuihusu.

Huku nimepanga Njoro. Mjini nakwenda kwa miguu. Asubuhi kukiwa kweupe natoka nje na mswaki mdomoni, Kibo hiyo hapo, nyeupe kichwani, kama mtu kaiweka usiku. Kodi ya chumba ni nafuu, mtori ni wa uhakika, na mji ni msafi kiasi kwamba ganda la muwa unalibeba mkononi mpaka upate pipa. Ila mji unalala mapema. Saa tatu usiku mtaa umenyamaza. Miezi ya mwanzo ukimya ule ulinikaa vibaya kuliko hiyo baridi mnayoiuliza. Nilikuwa napiga simu nyumbani bila sababu, mpaka mama akaanza kuuliza kama nimefukuzwa kazi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Chumba cha pili katika nyumba ninayokaa anaishi kijana wa rika langu, mpagazi wa mlimani. Hapa wanaitwa wagumu. Juni nilikwenda Soko la Memorial, kwenye mitumba, nikachambua mpaka nikapata koti zito, la kweli, lenye manyoya ndani. Nililivaa siku tatu tu. Jioni ya nne jirani akagonga mlango. Anapanda kesho, siku saba, koti lake zipu imekufa. Naweza kumwazima?

Nilimpa. Halafu nikakaa kitandani nikapiga hesabu ya darasani: ukipanda juu, kila mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi 6 hivi. Njoro kukiwa na nyuzi 15, kambi ya Horombo, mita 3,720, ni karibu na kuganda. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, huko ni barafu. Kumbe Moshi yote mnayoiogopa ni ngazi ya chini kabisa, na kila wiki kuna vijana wa hapa mtaani wanapanda ngazi hiyo na mzigo wa mtu mwingine. Kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Kuhusu nguo za mpagazi mwenyewe, hapo inategemea kampuni iliyomchukua na mfuko wake. Mtalii anakuja na orodha ndefu ya kununua. Mgumu anakuja na alichopata Memorial.

Alirudi na koti, amelifua, limekunjwa vizuri. "Aika," akasema, yaani asante. Nikamwomba anisimulie safari nzima. Kwake nilisikia kuhusu KPAP, shirika lililoanzishwa 2003 hapa Moshi, linaloazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Yeye siku ile alikuwa ameitwa usiku kwa safari ya alfajiri, muda wa kwenda kuazima hakuwa nao. Nikazungumza na wenzake. Nikaandika.

Mhariri aliniambia angependa zaidi habari ya mtu maarufu aliyepanda mlima. Hata hivyo ilitoka, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo. Lakini wiki ile nilisimamishwa njiani mara tano. Wagumu wananiita, "Mwandishi, njoo, hujamaliza." Mmoja ana la bahashishi, mwingine la mzigo unaopimwa getini na kuongezwa mbele. Kwa mara ya kwanza kazi hii ilinitafuta yenyewe.

Ndipo simu ya Dar ikaja. Kuna nafasi makao makuu, mshahara unapanda, nijibu kabla ya Ijumaa. Nisiwadanganye, sikulala. Mama anaishi peke yake sasa, ana presha, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Pesa ile ingemsaidia. Kuwepo kwangu kungemsaidia zaidi.

Alhamisi nikampigia nikamweleza yote. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniuliza, "Huko unaandika unachotaka?" Nikamwambia, bado, ila nimeanza kukiona. Akasema kama ni hivyo nibaki mwaka mmoja, tuone, lakini Pasaka niwe nyumbani bila maneno.

Ijumaa nikajibu kwamba nabaki. Mama hakufurahi, alikubali tu, na tofauti ya mambo hayo mawili naijua. Kila mwezi natuma cha dawa, na nauli ya basi naiweka pembeni kabla ya kodi.

Kwa hiyo, wanaouliza kuhusu baridi, jibu ni kwamba ipo, ila inaanzia juu kuliko ninapolala mimi. Karibuni Moshi. Mkija Julai bebeni makoti mawili. Moja litawatosha, na la pili halitakosa mtu wa kulivaa.