Sumaku Ilinidanganya

Wasee wangu wa Ziwani, kuna video nilirekodi nikaifuta kabla ya kuposti. Wacha niwaambie kwa nini.

Bro wangu alianza kuuza smokie hapo kwa stage, na doo ya toroli nilitoa mimi. Nilivuka hadi Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, nikamwambia mzee mmoja, "Nataka ya stenlesi, lakini nifanyie bei ya kijana." Alinifanyia. Siku ya kuichukua niliijaribu na sumaku, si mnajua watu husema ikishika ni feki. Haikushika. Nikalipa nikiwa na furaha.

Miezi mitatu baadaye, pale bakuli ya kachumbari hukaa, pakatokea madoa ya kahawia. Kutu! Kwa stenlesi!

Nikarudi Kamukunji camera ikiwa on. Kichwa cha video nilikuwa nishaandika: "Fundi Mwizi."

Mzee hakubishana. Alichukua sumaku yangu, akaiweka kwa kipande kingine cha bati. Ikashika. "Hii pia ni stenlesi, inaitwa 430," akasema. "Haina nikeli, karibu kabisa, ndiyo maana inashika. Yako ni 201. Kijana, uliniuliza bei. Namba hukuniuliza."

Nilienda kusoma, na mzee alikuwa sawa. Chuma kikiwa na kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5, kinaitwa stenlesi. Hiyo kromiamu ikikutana na hewa inatengeneza ngozi nyembamba sana ya kuzuia kutu. Ukiikwaruza inajirudisha, lakini chumvi inaweza kuitoboa. Sasa fikiria kachumbari: chumvi, nyanya na ndimu, kutwa nzima.

304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Ndiyo ya sinki na sufuria nzuri. Kwa 201, nikeli imepunguzwa kwa sababu ni ghali, ikawekwa manganizi. Inang'aa vile vile, na sumaku mara nyingi haiishiki, lakini chumvi inaishinda mapema. 316 imeongezwa molibdenamu. Hiyo ndiyo ya watu wa Mombasa walio karibu na bahari, na bei yake uliza ukiwa umekaa chini.

Halafu kulikuwa na makosa ya nyumbani. Kila jioni bro alikuwa anasugua toroli na waya ya chuma, halafu anamwagia ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Waya inaacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida, na hivyo vinashika kutu. Klorini nayo inakula ile ngozi. Tulikuwa tunaiua tukidhani tunaiosha.

Tulikubaliana na mzee abadilishe tu ile sehemu ya kachumbari, aweke 304. Nililipa polepole, mara mbili. Siku hizi bro anaosha na sabuni na kitambaa, anasuuza, anapangusa ikauke.

Video niliifuta nikiwa palepale kwa kibanda chake. Huyo mzee anakula kwa jina lake, na mimi nilikuwa karibu kumharibia jina kwa sababu ya sumaku ya spika mbovu na haraka yangu ya kupata views.

Kwa hivyo ukienda kununua, usiulize "ni stenlesi?" Utaambiwa ndiyo, na haitakuwa uongo. Uliza ni namba gani, na umwambie fundi itabeba nini.