Watu Wangu Thelathini na Wanne

Nianze kwa kukiri kosa. Msimu wa pamba wa mwaka 2023 nilitunga watu thelathini na wanne. Niliwapa umri, jinsia, kiwango cha elimu na idadi ya watoto, nikawatia maneno kinywani, kisha nikamuuzia dada yangu kwa shilingi 500 kila mmoja. Wala sikuwatunga kwa ajili ya riwaya, kazi ninayoitamani tangu nilipomaliza kidato cha nne. Niliwatunga kwa ajili ya digrii ya pili ya dada: masta ya biashara, upande wa rasilimali watu, aliyokuwa anaisoma kwa intaneti hapa hapa Lingeka, juu ya kichuguu.

Ndiyo, juu ya kichuguu. Wewe msomaji wa mjini usicheke. Nyuma ya nyumba yetu kuna kichuguu kikubwa ambacho mchwa wake walikihama zamani, na hapo ndipo mtandao unaposhika sawasawa. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni, akishasahihisha madaftari ya watoto wa watu, alikuwa anachukua kigoda, simu, na khanga ya kujifunika mbu, anapanda. Sura ya mhadhiri ilionekana kwenye kioo ndogo kama stempu, na sauti yake ilikuja vipande vipande. Wanafunzi wenzake mmoja alikuwa Mtwara, mwingine Arusha, na mmoja alikuwa anajiunga kutoka Muscat akiwa ametoka kazini. Watoto wa jirani walisema mwalimu anaongea na majini. Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka simu ya pili ikachajiwe senta, kununua bando, na kushika tochi.

Mama ndiye aliyetuchekesha. Usiku mmoja dada alikuwa anarudia somo kwa sauti: "Mayo alisema... Mayo aligundua..." Kila akitaja, mama anaitika kutoka jikoni: "Nini tena?" Maana kwa Kisukuma mayu ni mama. Ikabidi dada ashuke amweleze kwamba huyo ni Elton Mayo, mzaliwa wa Australia aliyefundisha Harvard huko Marekani, na kwamba wasomi wa rasilimali watu hawawezi kumaliza muhula bila kumtaja. Mama akauliza kama huyo bwana ameshakula. Basi tangu siku hiyo tukimwona dada anapanda kichuguu tunasema anakwenda kwa mama yake wa pili.

Kusoma mbali na darasa si jambo geni kwetu. Zamani watu walijisomea kwa posta, wakilamba stempu na kusubiri majibu. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na mwaka 1994 wanafunzi wa kwanza wakaanza, kila mtu na kazi yake na mji wake. Nelson Mandela alipata digrii yake ya sheria mwaka 1989 kwa kusoma kwa posta, naye bado ni mfungwa. Kilichobadilika ni njia. Mwaka 2009 waya wa intaneti wa baharini ulifika pwani yetu, na taratibu ukafika mpaka kwenye kichuguu chetu. Chuo cha dada mwenyewe sikitaji, kwa kuwa katika haya ninayoyasimulia mkosaji ni mimi.

Lakini kwa nini rasilimali watu? Kijiweni washikaji walisema dada anataka ukubwa. Kweli, mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu, ofisi ziliongezeka na maofisa utumishi wakaonekana mitaani na mafaili yao kwapani. Hata mimi nilidhani hivyo. Neno lenyewe lilinikera. Pamba ni rasilimali, ng'ombe ni rasilimali, na sasa binadamu naye? Nilimwambia hivyo siku moja, nikijiona mwandishi. Akanitazama kwa muda, akasema: "Mdogo wangu, baba hakuwahi kufika hata hiyo hatua ya kuwa rasilimali."

Baba yetu alikuwa kibarua katika kiwanda cha kuchambua pamba kwa misimu kumi na moja. Alikuwa mbeba marobota. Pamba ikishatenganishwa na mbegu zake, nyuzi hushindiliwa zikafungwa robota, na robota si mzigo wa mtu mmoja. Wanalisukuma, wanalipanga, wanapandisha moja juu ya jingine mpaka karibu na paa. Usiku mmoja wa mwaka 2009 rundo lilihama. Baba alivunjika nyonga. Walimpakia kwenye pikapu wakamleta nyumbani, wakaacha na shilingi elfu ishirini. Dada, wakati huo msichana wa sekondari, ndiye aliyetumwa kiwandani kuulizia. Bwana mmoja akafungua daftari, akapitisha kidole, akafungua jingine. Jina la baba halikuwemo. Misimu kumi na moja, na jina halikuwemo! "Binti," akamwambia, "hapa hatujawahi kuwa na mtu huyo."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikuwa imeshatungwa. Inasema mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na kazi ya usiku ilipwe nyongeza ya asilimia 5. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulikuja kuanza kazi mwaka 2015. Yote hayo dada aliyajua akiwa mtu mzima, juu ya kichuguu. Siku ile alijua kitu kimoja tu: kwamba kuna mtu anashika daftari, na asipokuandika, hukuwepo.

Ndiyo maana tasnifu yake ilihusu vibarua wa msimu katika pamba: wanajua haki gani, wamepewa karatasi gani. Masomo ya darasani ya masta hii, kama nilivyoona mimi mshika tochi, ni mchanganyiko. Kuna hesabu za biashara ambazo zilimliza. Kuna kuajiri, kupima utendaji, kupanga mishahara, kusuluhisha migogoro. Anayesoma huwa anatuma kazi zake kwa intaneti, anajadiliana na wenzake kwa maandishi, anafanya mitihani, na mwishoni huja utafiti. Kwenye utafiti wengi hukwama, maana hapo hakuna mhadhiri wa kukusukuma. Kuna wewe, msimamizi anayejibu baada ya wiki mbili, na tarehe ya mwisho.

Dada hakuweza kuacha darasa lake kwenda kiwandani. Akaniajiri mimi. Tulikaa siku nne tukitafsiri dodoso lake kutoka Kiingereza. Lilikuwa na maswali ishirini, na juu limeandikwa: usiandike jina lako. Watu 120, shilingi 500 kila mmoja, pamoja na nauli ya bodaboda. Kwa mtu ambaye riwaya yake imejaza kauntabuku tatu na haijamlipa hata andazi, hiyo ilikuwa ajira nono.

Siku za kwanza nilifanya kazi. Lakini vibarua wanapumzika dakika chache, vumbi la pamba limewajaa kwenye kope, na wewe unawauliza: "Kwa kiwango gani unaridhika na ushirikishwaji katika maamuzi?" Mmoja aliniuliza kama mimi ni wa serikali. Mwingine alijibu kila swali "sijui", ishirini mfululizo, kisha akaomba soda. Msimamizi wa zamu akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nilipofika watu 86, nikakaa chini ya mwembe, nikaona: si mimi mtunzi?

Kalamu ikatiririka, bwana! Namba 71 alikuwa mjane wa miaka 39, mama wa watoto watatu, aliyekuwa anaokota uchafu katika pamba mchana na usiku anajisomea kitabu kwa kibatari. Namba 94 alikuwa mzee aliyewahi kuongoza mgomo. Jioni nzima niliiona furaha ambayo riwaya yangu haijanipa. Nikampelekea dada rundo lote, akanihesabia hela, akanishukuru.

Zilipita siku tisa. Dada alikuwa anaingiza majibu kwenye kompyuta kidogo kidogo, na hakusema lolote. Jumamosi akaniita ndani. Mezani palikuwa na kilo mbili za sukari, mche wa sabuni na madaftari manne mapya.

"Huyu namba 71," akasema, "amenigusa. Najua dodoso ni la siri, lakini wewe ulimwona. Twende ukanioneshe anapokaa."

"Hayupo, dada."

"Amehama?"

"Hayupo."

"Jamani, amekufa?"

Looh! Nilitamani nimwambie ndiyo, amekufa. Nilikuwa na uwezo huo. Ningemuua namba 71 kwa sentensi moja, na msiba ungekwisha pale pale. Nikasema: "Hajawahi kuwepo."

Hakupiga kelele. Alisogeza zile sukari pembeni, akafungua rundo, akaanza kuwatoa mmoja mmoja. Kumbe alikuwa na wasiwasi tangu siku ya pili. Watu wa kweli, alisema, wameacha maswali wazi. Wanajipinga. Mtu anasema ameridhika sana na mshahara, kisha swali linalofuata anasema hajalipwa miezi miwili. Wangu walikuwa wanajibu kila kitu, tena kwa mpangilio. "Na hili," akaweka kidole kwenye karatasi. "Ilhali. 'Tunafanya kazi usiku ilhali hatulipwi nyongeza.' Mbeba marobota gani wa Bariadi anasema ilhali? Nimeikuta mara kumi na tisa." Akawatoa thelathini na wanne kamili. Hakumkosa hata mmoja, wala hakumgusa wa kweli. Namba 71 alimtoa mwisho.

Kisha akanikumbusha mwaka 2017. Tarehe 28 Aprili, kule Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Katika ofisi ya walimu ya dada kulikuwa na mwenzao aliyekusanya vitabu vyake siku hiyo, akatoka bila kuaga, na kikombe chake cha chai kikabaki kwenye kabati mpaka leo. "Unataka na mimi niache kikombe?" akauliza.

Niliomba anikate ile shilingi 17,000. Akasema hela si tatizo. Tatizo ni kwamba muda wa kuwasilisha ulikuwa umebaki majuma mawili na msimu wa kiwanda unaisha. Msimamizi wake alimshauri kupunguza idadi na kuandika waliopatikana. Dada alikataa, jambo ambalo mimi nililiona ukaidi na bado naliona hivyo kidogo, kwa kuwa watu 86 wangetosha. Alitaka 120 alioahidi. Akalipa ada ya muhula mwingine, na ndama aliyekuwa anategemewa kuezeka nyumba akaenda mnadani.

Msimu wa 2024 nilirudi kiwandani, safari hii bila malipo. Dada alinipa maelekezo mapya, aliyoyatoa kwa huyo huyo Mayo. Mayo na wenzake wanakumbukwa kwa utafiti wa kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, uliofanyika kati ya mwaka 1924 na 1932. Kilichoanza kama majaribio ya mwanga wa taa kikaishia kwenye mazungumzo, na wafanyakazi zaidi ya 20,000 walihojiwa. Mwanzoni wahojaji walikuwa na orodha ya maswali. Wafanyakazi wakawa wanayapita maswali na kusema yao. Mwishowe wahojaji wakaambiwa: nyamazeni, msikilize. Basi nami nikanyamaza. Nilikaa getini baada ya zamu na kifuko cha michembe, tunatafuna, dodoso limekunjwa mfukoni. Yale majibu ya "sijui" yakaanza kurefuka. Yule aliyeniomba soda mwaka uliopita nilimkuta tena. Alisema sijui kwa sababu mara ya mwisho alipojibu maswali ya mtu mwenye karatasi, msimu uliofuata hakuitwa.

Nikafika 119. Nikarudi nyumbani jioni nimechoka, nikasema kesho namalizia. Baba alikuwa amekaa mlangoni na fimbo yake, akasema: "Mimi hamjaniuliza."

Dada alisema haiwezekani kwa utaratibu, maana baba si mfanyakazi wa sasa. Halafu akanyamaza. Halafu akaniambia niandike.

Nilimuuliza maswali yote ishirini. Baba alijibu polepole. Swali la mkataba: hakuupata. Swali la nyongeza ya usiku: aliuliza asilimia 5 ni kiasi gani, nikamhesabia kwa ujira wa wakati ule, akazidisha kwa kichwa, usiku kwa usiku, msimu kwa msimu, midomo ikicheza. Hakututajia jumla. Ushirikishwaji katika maamuzi ulimchekesha mpaka akakohoa. Swali la mwisho, kama ana maoni mengine, akasema sina, andika jina langu.

Nikamwonesha maandishi ya juu: usiandike jina lako.

"Hilo ni la wengine," akasema. "Wewe andika."

Nikaandika, majina yote matatu, kwa herufi kubwa. Dada alimaliza tasnifu kwa watu 119 wa mwaka ule na maelezo kwa nini 120 hakutimia, na masta akaipata. Barua yake ya kuomba kubadilishwa kada kwenda utumishi bado haijajibiwa. Asubuhi anakwenda na chaki kama kawaida. Dodoso la baba halikuingizwa kwenye kompyuta. Liko ndani ya bahasha moja na cheti, na bahasha iko chini ya godoro la mama.