Nafasi ya Herufi ya Kwanza

Mzee mmoja wa Kivu, fundi wa kuandika mabango ya maduka, aliiacha nyumbani Biblia ambayo ndani ya jalada lake marehemu baba yake alikuwa ameandika majina ya watoto wote wa ukoo. Sasa anaishi katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 40 kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza kabla ya wakimbizi kupokewa hapo mwaka 1994. Huko ameyaandika majina hayo upya katika daftari la shule. Herufi ya kwanza ya kila jina ni kubwa, ya rangi nyekundu na buluu, imezungukwa na majani na ndege. Jina moja tu, la kijana aliyepotea njiani, limeachiwa nafasi tupu. Mkewe akimsihi aijaze, hujibu kwamba mwenyewe atakuja kuchagua rangi yake.

Desturi hiyo ya kuacha nafasi ni ya kale. Kabla ya mitambo ya kupiga chapa kuenea Ulaya katika karne ya 15, Biblia ziliandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Mwandishi aliandika maneno kwa kalamu ya unyoya, akairuka herufi ya mwanzo, na mara nyingi akatia alama ndogo ili fundi wa mapambo asikosee. Fundi alichora, akabandika dhahabu iliyofuliwa nyembamba kuliko karatasi, akaisugua mpaka ikang'aa, kisha akapaka rangi.

Je, yalikuwa majivuno? Kwa kiasi fulani, naam. Wenye mali walipenda kuonekana. Lakini namba za aya hazikuwapo hadi karne ya 16, na herufi hiyo ndiyo iliyomwonyesha msomaji mahali kitabu kinapoanzia. Waethiopia, ambao baadhi yao wamo Dzaleka, hawana herufi kubwa katika maandishi ya Ge'ez; wao hupamba sehemu ya juu ya ukurasa, na mistari ya mwanzo huiandika kwa wino mwekundu.

Biblia ya Winchester, Uingereza, iliandikwa katika karne ya 12, na inakadiriwa kwamba ilichukua ngozi za ndama 250. Maneno yalikamilika, mapambo hayakukamilika. Herufi nyingine zina mchoro mtupu, nyingine zimetiwa dhahabu bila rangi. Na kwa hizo ndipo wataalamu walipojifunza hatua za kazi yenyewe. Kitabu hicho kimo hadi leo katika kanisa kuu la mji huo, na nafasi zilizobaki hazijajazwa.