Katika Shajara ya Ami Hamna Jina la Nyanya

Ukizaliwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, hakuna haja ya kufundishwa kwamba watu wana jamaa ng'ambo. Kila nyumba ina mtu wake aliyeko Maskati, Jidda au Dubai, na siku hizi hata London na Toronto. Kila Idi ikikaribia huja sanduku lenye tende, udi na vitambaa, na wanawake hukaa barazani wakigawana na kununa. Kwangu mimi ami yangu alikuwa ndilo sanduku hilo. Alipoondoka Mombasa mwaka wa 1974 nilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Nilipomtia machoni nilikuwa na miaka arobaini na mitano.

Kisa cha ukoo wetu ni kifupi, tena hakina makuu. Babu alikuwa baharia wa Sur, mji ulioko pwani ya mashariki ya Oman ambao watu wake walijulikana kwa kuunda majahazi na kuyaendesha. Alikuja na upepo wa kaskazi, kama wengi waliomtangulia, chombo kikiwa kimepakia tende na papa mkavu. Kusi ilipoanza kuvuma na wenziwe wakatweka tanga warejee kwao, yeye hakuonekana. Alikuwa amekwisha kuposa ng'ambo ya kivuko, Mtongwe, kwa Wadigo. Yule binti aliyemposa ndiye nyanya yangu, na ndiye aliyenilea. Jina lake sitalitaja gazetini, kwani wenyewe wapo na wasingependa.

Walizaa wana wawili, ami na baba. Mwaka wa 1970 Sultani Qaboos alipotwaa madaraka kule Oman, aliwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kuijenga nchi. Wengi waliorudi walitoka Unguja, ambako Mapinduzi ya 1964 yalikuwa yamewaacha katika hali ngumu, lakini hata Mombasa watu waliitika. Aliyetaka uraia alipaswa kuonyesha kabila lake. Ami akaenda na karatasi moja: jina lake, la babake, la babake babake, mpaka majina saba. Karatasi hiyo ikampa kazi, nyumba, matibabu na shule ya watoto. Baba alibaki. Alisema hawezi kumwacha mamake, basi, na habari hiyo hakuirudia tena.

Baba alipofariki, ami alipiga simu. Alitaka kuikamilisha shajara ya ukoo kabla naye hajaondoka duniani, akaniomba majina ya kaka zangu na ya watoto wao wa kiume. Ningeweza kuyasoma palepale kwenye simu. Lakini nilikwisha kuchoka kumjua ami kwa sanduku, nikamwambia nitayaleta mwenyewe. Hiyo ilikuwa 2018, mwezi wa Desemba. Habari za viza na tiketi sitawachosha nazo.

Alinipokea mlangoni kwa kanzu nyeupe na kofia ya kiua, na neno la kwanza alilotamka lilikuwa la Kimvita ambacho sijakisikia tangu utotoni. Lugha yake ilikuwa imesimama mwaka wa 1974. Aliniuliza kama feri ya Likoni bado watu huigombania, na kama kahawa chungu bado huuzwa kwa kugonganisha vikombe. Watoto wake husemezana Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili ni cha mama yao na cha jikoni. Jambo lililonichekesha, kisha likanikera, ni kwamba majirani humwita Mzinjibari, jina wanalopewa huko wote waliotoka Afrika Mashariki. Naye Unguja hajapata kulala hata usiku mmoja! Huku Kibokoni, sisi tulioachwa, mtu akitukasirikia hutuita Waarabu.

Usiku wa kwanza, baada ya halwa na kahawa ya iliki, akaitandika shajara juu ya busati. Ilikuwa karatasi kubwa, imechorwa kama mti, kila tawi na jina lake kwa hati nzuri ya Kiarabu. Nikalitafuta jina la babu, nikaliona. Chini yake ami na baba. Nikamtoa orodha yangu, akayaandika majina ya kaka zangu mmoja mmoja, akinisomea ili asikosee.

"Ami," nikamwuliza, "nyanya yuko wapi hapa?"

"Mwanangu, shajara huandikwa wanaume. Si yeye peke yake. Hata mamake babu yako hayumo." Akanyamaza kidogo. "Na wewe humo."

Sikumjibu, maana si adabu kubishana na mtu wa umri ule katika nyumba yake. Lakini usingizi haukuja upesi.

Siku ya tatu alinichukua Sur, mwanawe akiendesha gari. Ni kama kilomita mia mbili kutoka Maskati, njia ikifuata bahari, mlima upande mmoja na maji upande wa pili. Kabla ya kufika tulipita Qalhat, uliokuwa mji mkubwa wa bandari. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyelala Mombasa mwaka wa 1331 na kuandika kwamba chakula chetu ni ndizi na samaki, alifika Qalhat pia, akausifu msikiti uliojengwa na mwanamke, Bibi Maryam. Wareno waliuteketeza mji huo mwaka wa 1508, miaka mitatu tu baada ya kuiteketeza Mombasa. Mwaka huohuo wa safari yangu, 2018, UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kilichobaki ni mawe yaliyotapakaa, na jengo moja lililosimama: kaburi linaloitwa la Bibi Maryam. Nilimtazama ami. Naye alikuwa akilitazama, lakini hakuna aliyesema neno.

Sur yenyewe ningeweza kuielezea kurasa tatu. Kuna jahazi liitwalo Fatah al-Khair, lililoundwa hapo mwaka wa 1951, limetengenezwa vizuri na kuwekwa kwa maonyesho. Nililizunguka nikiwaza mtu anawezaje kukaa wiki nyingi baharini ndani ya ubao kama ule. Lakini kilichonishika zaidi ni nyumba ya jamaa zetu. Mlango wake ni wa nakshi, na chumba ni chembamba na kirefu kama kile nilicholala mimi utotoni. Nikainua macho darini, nikaona boriti. Boriti zile ni mikoko ya huku kwetu, iliyokatwa Lamu na Rufiji na kusafirishwa na majahazi yaleyale, na upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Basi jamaa zangu wa Sur wamelala miaka yote chini ya miti ya Afrika, wala nyanya hawamjui.

Usiku huo ami alinieleza jambo. Alipofika mwaka wa 1974, katika ofisi moja aliulizwa mamake ni wa kabila gani. "Nikawaambia ni mtu wa pwani," alisema. "Sikusema uongo. Wao wakafahamu pwani yao." Kisha akaniuliza nyanya alizikwa wapi. Nikamwambia hakutaka kulazwa Kikowani alikolala babu. Alituhusia tumvushe Mtongwe, na kaburi lake liko chini ya mwembe. Ami akasema "mayo", neno ambalo Wadigo humwita mama, akalisema mara moja tu, polepole. Mzee wa miaka themanini. Kisha akaomba penseli, akaikunjua shajara, na chini ya jina la babu akaliandika la nyanya kwa herufi ndogo.

Mwanawe hakupendezwa. Alisema, kwa heshima, kwamba kazi imekwisha kupangiwa mchapaji, na ukimwingiza mmoja utawaingiza wote, na karatasi haitatosha. Mimi naona alikuwa na hofu nyingine, ile ya babake, maana watoto wake nao wameitwa Wazinjibari shuleni. Simlaumu sana. Nakala iliyochapishwa iliponifikia mwaka wa 2019 ilikuwa safi, haina alama ya penseli. Ami alifariki mwaka wa 2021.

Karatasi yenyewe aliyoiandika ami iko kwa mjukuu wake, binti anayesoma chuo kikuu huko. Ndiye aliyenitumia picha yake, pamoja na maswali: Mama yake nyanya aliitwa nani? Na dada zake? Nikavuka feri kwenda Mtongwe na daftari, kwa shangazi yangu mmoja, binti wa dada yake nyanya, ambaye ana umri mkubwa lakini kichwa chake ni kizima kabisa. Zamani Wadigo waliuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa fuko la mamake, na mali ilirithiwa na watoto wa dada. Sheria za Kiislamu na za serikali zimeyageuza mambo ya urithi, lakini shangazi huhesabu vilevile kama alivyofundishwa.

Alihesabu kwa vidole, wanawake watupu, vizazi vinne bila kukwama, nami naandika. Alipofika kwa nyanya akawataja ami na baba. "Hao ni wetu," akasema. "Hata huyo aliyekwenda Uarabuni ni wetu." Babu hakumtaja kwa jina, alisema "yule baharia".

"Na mimi, shangazi?"

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya leso. "Wewe, mwanangu, ni wa mamako. Nenda kwao ukaulize."

Mama alizaliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Sijafika huko. Nasikia kutoka Lamu boti hungoja maji yajae.